Miaka Sita Chini ya Paa Moja: Kisa cha Wawili Wasiofunga Ndoa

Walikuja kwa ajili ya mtoto. Ndoa hawakuitaja, paroko ndiye aliyeigusa, alipofika kwenye mstari wa fomu ya ubatizo unaouliza wazazi walifunga ndoa wapi na lini. Mwanamke aliinamisha macho akaanza kumrekebisha mtoto mapajani. Mwanamume akajibu haraka, kama mtu aliyekwisha kulizoea swali hilo.

"Padri, huyu ni mke wangu. Mwaka wa sita huu tunaishi pamoja. Hiyo karatasi tutaitafuta tu."

"Karatasi gani, mwanangu?"

"Si hiyo ya ndoa."

Kisa hiki hakina wenyewe. Nimekishona kwa vipande vya hali nyingi zinazofanana, ili asianikwe mtu. Nimekichagua kwa sababu maswali karibu yote yanayowasumbua Wakatoliki juu ya kuishi kinyumba yanakutana humo, na majibu yanayozagaa mengi ni ya kukisia. Wapo wanaosema watu kama hawa wametengwa na Kanisa. Si kweli: kutengwa ni adhabu ya kisheria yenye makosa yake yaliyotajwa, na kuishi kinyumba hakumo. Wapo pia wanaosema kwamba tangu Papa Fransisko mambo yamelegezwa, kila mtu apokee Komunyo kwa kadiri ya dhamiri yake. Hilo nalo halisimami, ingawa chanzo chake nakielewa na nitakifikia.

Hali yao ni hii. Wote wawili ni Wakatoliki, wamebatizwa na kupata kipaimara. Mwanamke hajawahi kuolewa. Mwanamume, katika ujana wake, alifunga ndoa ya kiserikali na mwanamke mwingine, wakapata binti ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, kisha wakaachana na mahakama ikavunja ndoa hiyo. Nyumba wanamoishi ni ya mwanamume. Tangu mwaka wa kwanza mwanamke amekuwa akiomba wafunge ndoa; tangu mwaka wa kwanza amekuwa akijibiwa "tusubiri kidogo." Yeye huenda Misa kila Dominika na hukaa benchi la nyuma. Mwenzake huenda Noeli na Pasaka. Na kabla hawajamwona paroko, kiongozi mmoja wa parokia alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba mtoto hatabatizwa mpaka wazazi wafunge ndoa, tena iwe kabla ya Pasaka.

"Huyu ni mke wangu"

Nitaanza na sentensi hiyo ya mwanamume, maana ina historia ndefu kuliko yeye mwenyewe anavyojua.

Kwa mujibu wa kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuijazia nafasi. Katika Kanisa la Kilatini, tawi la Magharibi la Kanisa Katoliki, wanaofunga ndoa ndio wanaopeana sakramenti. Padri anauliza, anasikia, anapokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa. Kwa karne nyingi ridhaa hiyo haikuhitaji hata padri. Mwanamume na mwanamke walioambiana faraghani kwamba wanatwaana kuwa mume na mke walikuwa wameoana kweli, hata kama Kanisa liliwakaripia kwa kufanya jambo hilo kwa siri. Zaidi ya hapo, sheria ya zama za kati iliwahesabu wachumba walioahidiana na kisha kulala pamoja kuwa wamekwisha kuoana, na dhana hiyo ilikuja kufutwa rasmi na Papa Leo XIII mwaka 1892. Kwa hiyo bwana huyu angesimama mbele ya hakimu wa Kanisa katika karne ya 13 na kusema, "Huyu ni mke wangu, nilimwahidi, na tunaishi pamoja," angejibiwa: vema, umeoa, na huna ruhusa ya kuondoka tena. Sidhani kama hilo ndilo jibu alilokuwa akilitafuta.

Tatizo la utaratibu ule lilikuwa siri yake. Mwanamume aliahidi chumbani, akakana hadharani, akaoa mwingine mbele ya watu. Mwanamke wa kwanza alibaki na neno lililosikiwa na Mungu peke yake, na hakimu hakuwa na la kufanya. Ndiyo sababu Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, kwa hati yake Tametsi ya mwaka 1563, uliamua kwamba kuanzia hapo ndoa ifungwe mbele ya paroko, au padri mwenye ruhusa, pamoja na mashahidi wawili au watatu. Pasipo hivyo si ndoa. Hati hiyo ilifanya kazi pale tu ilipotangazwa, na ilichukua muda mrefu mpaka hati Ne temere ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika mwaka 1908, ilipoieneza sheria hiyo karibu kila mahali katika Kanisa la Kilatini. Leo ipo katika kanuni ya 1108. Kile mwanamume anachokiita karatasi kilizaliwa ili aliye rahisi kuachwa asiachwe bila shahidi. Katika nyumba hii tunajua ni nani huyo.

Ukirudi nyuma zaidi unakuta mambo magumu kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri. Mtakatifu Augustino, kabla ya kuongoka, aliishi kwa zaidi ya miaka kumi na mwanamke ambaye hakuwahi kumwoa, wakazaa mtoto, Adeodatus. Na maaskofu waliokutana Toledo, Hispania, mwaka 400 waliamua kwamba mwanamume asiye na mke, bali ana suria mmoja aliyemshika kama mke, asizuiwe kwenye Komunyo, mradi asiwe na wawili. Sheria ya Kirumi ilikataa ndoa kati ya watu wa tabaka fulani, na maaskofu wale walijua kwamba si kila anayeishi bila ndoa anakimbia ndoa. Uamuzi ule haumfungulii mtu mlango leo. Unaonyesha tu kwamba kutofautisha hali na hali hakukuanza na Papa Fransisko.

Lugha yetu wenyewe inatuchanganya hapa. Tunasema wawili hawa "hawajabariki ndoa," kana kwamba ndoa ipo tayari, inangoja kunyunyiziwa maji. Hakuna ndoa ya kubarikiwa hapo. Ipo ya kufungwa. Neno la zamani ni sahihi zaidi: ndoa hufungwa, na kinachofungwa hakijifungui chenyewe. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, katika namba 2390 na 2391, inazungumzia muungano huru na ndoa za majaribio kwa hoja hiyohiyo: tendo la ndoa linasema "nimejitoa kwako mzima na daima," na asiyetaka kulisema neno hilo kwa kinywa analisema kwa mwili tu. Hati ya mwaka 1975 juu ya maadili ya kijinsia, Persona humana, ilikwisha kuwajibu wale wenye nia thabiti ya kuoana baadaye, kwamba nia hata ikiwa nzuri namna gani haiulindi uhusiano dhidi ya kubadilika kwa moyo. Ndiyo maana Kanisa linaita jambo hili dhambi nzito, na sioni faida ya kulifunika kwa maneno laini. Ila dhambi yenyewe si kukaa chini ya paa moja. Ni kuishi kama mume na mke huku lile neno la kuwafanya mume na mke halijatamkwa.

Hata hivyo Kanisa halichukulii kwamba hapo hakuna kitu. Mfano mmoja ambao wengi hawaujui: kwa kanuni ya 1093, kuishi kinyumba kunakojulikana hadharani kunaleta kizuizi. Wawili hawa wakiachana kesho, mwanamume hawezi kumwoa mama wa mwanamke huyu wala binti yake, kama vile angekuwa mkwe au baba wa kambo.

Kikwazo kilichoonekana kikubwa

Mwanamume aliitaja ndoa yake ya kwanza kwa sauti ya chini, akiamini ndiyo inayofunga kila kitu. Kumbe hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya faili lao.

Alikuwa Mkatoliki alipokwenda kufunga ndoa ya kiserikali, na hakuwa na ruhusa ya askofu ya kuachiliwa utaratibu wa Kanisa. Mkatoliki anabanwa na kanuni ya 1108; kwa macho ya Kanisa ndoa ile haikuwapo tangu mwanzo. Haihitaji kesi ndefu kwenye mahakama ya Kanisa. Uchunguzi wa kabla ya ndoa unatosha: cheti kipya cha ubatizo, maana ndoa ya Kanisa ingeandikwa pembeni ya jina lake kwenye daftari, pamoja na hati za ndoa na talaka za serikali. Kama ndoa ile ingekuwa imefungwa kanisani, kisa hiki kingekuwa kingine kabisa. Wasingekuwa wachumba waliochelewa. Mwanamume angekuwa mume wa mtu.

Lakini yule binti wa miaka kumi na mmoja hafutiki pamoja na hati. Kanuni ya 1071 inamkataza padri kuifungisha ndoa ya mtu mwenye wajibu wa kimaumbile kwa mtoto au mwenzi wa muungano uliopita bila ruhusa ya askofu. Paroko aliuliza kwa upole, "Binti yako unamwona? Unamtunza?" Mwanamume akanyamaza kwa muda. Nadhani hilo ndilo swali la kwanza ambalo hakuwa amejiandaa nalo.

Mtoto hakosi kwa sababu ya wazazi

Kiongozi yule wa parokia alikosea, na kosa lake ni la kawaida kiasi cha kustahili aya zake.

Kanuni ya 868 inataka mambo mawili ili mtoto mchanga abatizwe kihalali: mzazi mmoja angalau akubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani ya Kikatoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa huku wazazi wakielezwa sababu. Ndoa ya wazazi haimo kati ya masharti hayo. Mama anayefika Misa kila Dominika na mtoto mkononi, hata kama hapokei, ameonyesha tumaini zaidi ya wazazi wengi wenye cheti cha ndoa ukutani. Kumnyima mtoto ubatizo ili kuwabana wazazi ni kumfanya mtoto rehani.

Kuna ubaya wa pili uliojificha. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje, mtu akachagua ndoa ili tu ajinasue, ni batili. Sisemi kila shinikizo la parokia linafika kiwango hicho; mara nyingi halifiki. Lakini "fungeni kabla ya Pasaka, la sivyo mtoto habatizwi" ni mbegu ya aina hiyo. Miaka kumi baadaye itaota mbele ya mahakimu wa Kanisa, mtu akisema, "Mimi nilifunga kwa sababu ya mtoto." Paroko aliliondoa sharti hilo palepale. Akataka jambo moja tu: msimamizi wa ubatizo awe mtu aliyepata kipaimara, anayepokea Ekaristi, anayeishi kulingana na imani, kama kanuni ya 874 inavyodai. Rafiki waliyekuwa wamemchagua naye anaishi kinyumba, kwa hiyo alibadilishwa bila maneno mengi.

Kuhusu uhalali wa mtoto, ambao bibi na mashangazi huujadili kuliko padri yeyote: wazazi wakifunga ndoa baadaye, kanuni ya 1139 inamhalalisha, na haki zake ni zilezile za mtoto wa ndoa.

Benchi la nyuma

Siku ya tatu mwanamke alikuja peke yake.

"Padri, nikitubu mimi peke yangu je? Mimi ndoa naitaka. Asiyetaka ni yeye."

Hapa ndipo kisa kinapouma. Kanuni ya 916 inamwambia anayejua ana dhambi nzito asipokee Mwili wa Kristo kabla ya kuungama. Kanuni ya 915 inamwambia mhudumu asimpe anayeshikilia kwa ukaidi dhambi nzito iliyo wazi. Kuungama nako, kwa kanuni ya 987, kunadai mtu aikatae dhambi na akusudie kujirekebisha. Kwa wawili walio huru kuoana, njia ya kawaida inajulikana: waoane, au waachane, au wakae pamoja kwa kujizuia mpaka siku ya ndoa. Ni rahisi kuandika. Sasa mtazame yeye. Kufunga ndoa hawezi peke yake. Kuondoka ni kutoka na mtoto wa miezi minane kwenye nyumba isiyo yake. Kujizuia kunahitaji wawili.

Hapo ndipo yanapoingia maneno yaliyozua mjadala. Katekisimu yenyewe, katika namba 1735, inasema uwajibikaji wa mtu kwa tendo unaweza kupungua au hata kufutika kwa hofu, mazoea, kutojua au mambo mengine ya kijamii na kisaikolojia. Dhambi ya mauti inahitaji jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa kamili, vyote vitatu pamoja. Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris laetitia wa mwaka 2016, alijenga juu ya mafundisho hayo. Katika namba 305 alisema mtu anaweza kuwa katika hali ambayo kwa nje ni ya dhambi bila yeye mwenyewe kuwa na hatia kamili, na akaishi katika neema. Na katika tanbihi ya 351 akaongeza kwamba katika visa fulani msaada wa Kanisa unaweza kuhusisha sakramenti. Maaskofu na wanateolojia wameisoma tanbihi hiyo kwa namna zinazopingana. Wengi waliibishania wakiwawaza waliotalikiana na kuoa tena, watu ambao kwao ndoa mpya haiwezekani kwa sababu ya ile ya kwanza.

Mimi naona hivi. Tanbihi haikuandika ruhusa ya jumla, na padri anayemwambia mwanamke huyu "kapokee tu, Mungu anaelewa" anamdanganya, maana hajamuuliza hata swali moja. Lakini pia siafiki wanaoamua kisa chake kwa kumtazama kutoka benchi la mbele. Ni kiasi gani cha maisha yale ni ridhaa yake, na ni kiasi gani ni woga wa kukosa pa kulala, hilo ni la kuzungumzwa kwenye kiti cha maungamo na padri anayemfahamu, taratibu, pengine zaidi ya mara moja. Jibu litakalotoka huko halituhusu.

Kinachonikera zaidi ni namna aibu ilivyogawanywa. Anayetaka ndoa ndiye anayekosa Komunyo kila Dominika na kuhesabiwa na macho ya watu. Anayeikataa hakosi chochote, kwa sababu hana habari. Tukiwafundisha wachumba tunazungumza sana juu ya dhambi ya wawili kana kwamba wana uzito sawa ndani ya nyumba. Mara nyingi hawana.

Paroko hakumpa jibu la mkato. Alimwambia aendelee kuja Misa, asiache sala, na asijione mgeni katika nyumba ya Baba yake. Yohane Paulo II, katika Familiaris consortio ya mwaka 1981, namba 81, aliwataka wachungaji wawajue watu wa namna hii mmoja mmoja, kwa busara na heshima, na watafute sababu za kila kisa: umaskini, ujinga wa mafundisho, woga, au kukataa ndoa yenyewe. Hivyo akamwomba mwanamke amtume mwenzake.

"Tusubiri kidogo"

Alikuja, akaanza na fedha. Sherehe ni gharama, watu ni wengi, hataki kuaibika.

Paroko akamwambia kwamba gharama ni ya harusi, siyo ya ndoa. Ndoa inahitaji wao wawili, padri na mashahidi wawili. Amoris laetitia inalitaja tatizo hili bila kumung'unya: namba 294 inasema mahali pengine watu huishi pamoja kwa sababu sherehe inaonekana ghali mno, na namba 212 inawasihi wachumba wawe na ujasiri wa kuwa tofauti, wasimezwe na maonyesho. Tarehe 14 Septemba 2014 Papa Fransisko mwenyewe alifungisha ndoa za jozi 20 katika Basilika la Mtakatifu Petro, na baadhi yao walikuwa wakiishi pamoja tayari. Mwanamume akacheka: "Basi fedha tuiache."

Ikatoka ya pili. "Padri, tupe baraka tu kwa sasa." Huenda alisikia habari za Fiducia supplicans, tamko la Vatikano la tarehe 18 Desemba 2023. Tamko hilo linaruhusu sala fupi ya kuwaombea walio katika hali isiyo ya kawaida, nje ya liturujia, bila chochote kinachofanana na harusi. Haligeuzi hali ya mtu. Paroko akamfanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, yeye peke yake, na mazungumzo yakaendelea.

Ya tatu ilichukua muda mrefu. "Niliapa mara moja, ikavunjika. Watu wote walijua. Nikiapa tena, na mbele ya Mungu, halafu nikashindwa? Miaka hii sita nilikuwa naangalia kama tunawezana."

Nadhani hofu ile ilikuwa kitu cha heshima kuliko vyote alivyosema. Mtu anayeogopa kiapo anajua kiapo ni nini. Ila jaribio lake lilikuwa na kasoro ambayo miaka sita haikuweza kuiponya, wala sitini isingeiponya. Alitaka kujua kama anaweza kukaa ndani ya nyumba iliyofungwa, na ili ajue akauacha mlango wazi. Alichojifunza ni namna ya kuishi karibu na mlango. Ndoa ambayo Kanisa linaizungumzia, mtu akiifunga huku moyoni amebakiza "nikichoka nitaondoka," inabatilika kwa kanuni ya 1101, hata kama maneno yote yalisemwa vizuri na kwaya iliimba. Paroko alimweleza hivyo waziwazi, na akaongeza kwamba hatamsukuma. Wala hatamkatalia: kanuni ya 1058 inampa haki ya kuoa kila asiyezuiwa na sheria, na kuishi kinyumba si kizuizi cha kumwoa mtu unayeishi naye.

Swali la kama lazima watengane kabla ya ndoa lilizuka baadaye. Hakuna kanuni inayodai hivyo. Mapadri wengine huomba wachumba watengane kwa muda, wengine huomba vyumba viwili, wengine huona kumtoa mama na mtoto nyumbani kwa wiki chache ni igizo. Wote hulenga kanuni ya 1065, inayowahimiza sana wachumba waungame na kupokea Ekaristi kabla ya ndoa, na hilo linahitaji nia ya kweli ya kujizuia mpaka siku hiyo. Mimi naelemea kwenye vyumba viwili. Kumzuia mtu asifunge ndoa kabisa ni jambo la askofu tu, kwa muda, na kwa sababu nzito, kwa kanuni ya 1077.

Mtoto alibatizwa mwezi uliofuata. Siku moja kabla, wote wawili waliitwa ofisini. Kanuni ya 877 inasema wazazi wasipokuwa na ndoa, jina la baba linaandikwa kwenye daftari la ubatizo ikiwa ubaba umethibitishwa kwa hati rasmi, au ikiwa yeye mwenyewe ametamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Hati hawakuwa nayo. Paroko akawaita katekista na msakristani wasimame pembeni ya meza.

"Lazima wawepo hawa?" mwanamume akauliza.

"Lazima."

Akajikohoza. Akasema mtoto huyu ni wake, akataja jina lake kamili, akatia sahihi. Mwanamke alikuwa anautazama mkono wake ukiandika.

Baada ya wiki mbili mwanamume alirudi peke yake, siku ya kazi, akasimama mlangoni bila kuketi. Aliuliza cheti cha ubatizo huchukua siku ngapi kupatikana kutoka parokia alikobatizwa. Paroko akamwambia. Akauliza na hati ya talaka, kama nakala inatosha. Akaambiwa inatosha, mradi imethibitishwa. Akashukuru, akaondoka. Fomu ya maandalizi ya ndoa ilikuwa mezani wakati wote ule. Hakuiomba, na paroko hakumpa.